Kimo Chako na Umbali wa Draiva: Namna ya Kupiga Mbali kwa Mwili Ulio Nao

Wachezaji wengi wa gofu huamini kwamba umbali ni mali ya watu warefu, na imani hiyo huwafanya wafupi wakate tamaa mapema na warefu wabweteke. Rory McIlroy, mwenye kimo cha takribani mita 1.75, ndiye aliyeongoza kwa wastani wa umbali wa draiva, fimbo ndefu ya kupigia mpigo wa kwanza, katika msimu wa 2022/23 wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, kwa yadi 326 hivi, ambazo ni karibu mita 298. Ian Woosnam wa Wales, ambaye kimo chake ni takribani mita 1.64, alitwaa taji la Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1991 na alisifika kwa mipigo mirefu. Hata hivyo, haitakuwa kweli kusema kwamba kimo hakina kazi yoyote. Kina kazi, na inafaa kuijua kwa kipimo chake kabla ya kubadili fimbo au mtindo wa kupiga.

Mpira hufika mbali kwa sababu ya kasi ya kichwa cha fimbo, na kasi hiyo hutokana na mambo mawili: wepesi wa mzunguko wa mwili, na urefu wa nusu kipenyo cha duara ambalo kichwa hicho hulichora. Mikono na draiva kwa pamoja hufanya takribani mita 1.75. Mtu anayemzidi mwenzake kwa sentimita 20 za kimo huenda akamzidi kwa sentimita saba hivi za mkono, kwa hiyo duara lake ni kubwa kwa asilimia nne tu. Wakizunguka kwa wepesi uleule, na mfupi akafikisha kilomita 160 kwa saa, mrefu atafikisha kama 166, na mpira wake utamtangulia mwenzake kwa mita tisa au kumi. Faida hiyo nayo ina gharama, kwa kuwa uzito ulio mbali na mhimili ni mgumu kuzungushwa, na ugumu huo hukua haraka kuliko urefu wenyewe. Ndiyo maana mtu mrefu asiye na nguvu za mapaja na kiwiliwili hupitwa na mfupi aliye mwepesi.

Sasa linganisha mita hizo na hasara ya kutopiga katikati ya uso wa draiva. Mpira uliopigwa vizuri huondoka kwa kasi ya karibu mara moja na nusu ya kasi ya kichwa cha fimbo. Ukigonga kwenye kisigino cha draiva, yaani upande ulio karibu na mpini, au kwenye ncha, yaani upande wa nje, uwiano huo unaweza kushuka hadi 1.4, na mita 15 au zaidi hupotea. Kwa hiyo anza hapo, uwe mrefu au mfupi. Nyunyizia poda ya miguu kwenye uso wa draiva, piga mipira kadhaa mazoezini, kisha tazama alama zimeangukia wapi. Usifanye hivyo katika mashindano, kwa sababu kanuni zinakataza kupaka kitu usoni mwa fimbo.

Alama hizo ndizo zitakazokuongoza katika kuchagua urefu wa fimbo. Simama wima ukiwa na viatu vya kuchezea, uache mikono ining'inie, kisha mtu akupimie kutoka kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, hadi sakafuni. Kipimo hiki hueleza mengi kuliko kimo chenyewe kuhusu urefu wa fimbo unaokufaa, maana wapo watu warefu wenye mikono mirefu ambao fimbo ya kawaida huwatosha kabisa. Kanuni za gofu huruhusu draiva isiyozidi inchi 48, na tangu Januari 2022 waandaaji wa mashindano wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46, lakini kwa maoni yangu mchezaji wa kawaida hana haja ya kuvisogelea vikomo hivyo. Ikiwa alama zako zimetawanyika, shika mpini chini kidogo, sentimita mbili au tatu hivi, na upige tena. Alama zikikusanyika katikati, umepata jibu bila kununua kitu.

Mtu mrefu huusimamia mpira kwa karibu na kwa juu, hivyo fimbo yake hushuka kwa mwinuko mkali. Mpira huzunguka kupita kiasi, hupaa sana, kisha huanguka mapema. Dawa yake ni kuinama kuanzia nyongani badala ya kukunja mgongo, kuuweka mpira mkabala na kisigino cha mguu wa mbele, yaani ulio upande wa lengo, kuinua tii, kijiti cha kuwekea mpira, hadi nusu ya mpira ionekane juu ya draiva, na kulaza bega la nyuma kidogo ili fimbo iupate mpira ikiwa imeanza kupanda.

Mtu mfupi husimama mbali kidogo na mpira, na fimbo yake hupita kwa ulalo zaidi, jambo ambalo humsaidia kuupiga mpira kwa kupanda, ingawa akikawiza kiwiliwili mpira hukata kona. Umbali wake autafute katika kuzunguka kikamilifu: acha kisigino cha mbele kinyanyuke wakati wa kurudisha fimbo nyuma, geuza mabega hadi mgongo uelekee lengo, kisha anza kushuka kwa kuikanyaga ardhi kwa mguu wa mbele kabla mikono haijaanza kazi. Mazoezi ya kuruka na ya kurusha mpira mzito kwa kuzungusha kiuno humfaa sana.

Unapopima maendeleo, pima mahali pamoja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huupunguzia mpira ukinzani, kwa hiyo mita zilizopatikana katika uwanja wa Muthaiga jijini humo zisilinganishwe na za viwanja vya Dar es Salaam au Mombasa. Kama unaweza kupata kifaa cha rada, andika kasi ya kichwa cha fimbo na kasi ya mpira, kwa kuwa namba hizo mbili haziathiriwi na upepo wala ugumu wa nyasi.