Jinsi ya Kuchagua Bastola ya Nusu Otomatiki Yenye Shabaha ya Kuaminika kwa Kuwinda Wanyama Wadogo

Anayeamua kumwinda sungura au kindi kwa bastola anajitwisha kazi ngumu kuliko ya mwenzake mwenye bunduki ndefu, kwa kuwa silaha yake haina kitako cha kuegemeza begani na mtutu wake ni mfupi. Mahali pa kumpiga kindi ili afe papo hapo ni kichwa, na kichwa hicho ni duara la takriban sentimita 4 tu. Risasi ikimpata nyuma ya hapo, mnyama hukimbilia shimoni au kwenye matawi na kufa taratibu kwa maumivu. Kwa hiyo kila ninachokishauri hapa kinarejea kwenye swali moja: je, bastola hii, mikononi mwako na kwa mkao utakaoutumia porini, inaweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya duara la sentimita 4, na kwa umbali gani?

Kabla ya kutoa fedha, soma sheria ya mahali utakapowinda. Ziko nchi ambazo raia haruhusiwi kumiliki bastola kabisa, na nyingine zinaruhusu umiliki lakini si uwindaji kwa silaha ya aina hiyo. Nchini Marekani, ambako uwindaji huu umeenea, kila jimbo lina kanuni zake kuhusu kaliba (kipenyo na aina ya risasi), idadi ya risasi katika magazini, msimu na aina ya wanyama wanaoruhusiwa.

Kuhusu kaliba sina haja ya kukuchosha. Chagua .22 LR (Long Rifle), risasi ndogo ya kipenyo cha takriban milimita 5.6. Risasi zake ni za bei nafuu, na hilo lina maana kubwa kwa sababu utazihitaji kwa mamia katika mazoezi. Teke lake ni dogo mno, hivyo mkono haujifunzi tabia ya kushtuka. Na haiharibu nyama. Risasi ya kawaida ya kaliba hiyo ina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6 hivi, nayo inamtosha sungura ikipiga mahali panapostahili. Kaliba ya .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire) ina nguvu zaidi, lakini ikifyatuliwa kwenye mtutu mfupi huwa na kelele nyingi na mwako mkubwa mdomoni, na risasi zake ni ghali. Kaliba za kijeshi kama milimita 9 humwachia mwindaji nyama iliyosambaratika.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni namna mtutu na vilengeo vilivyoungana. Kwa vilengeo ninamaanisha vyuma viwili, cha mbele na cha nyuma, ambavyo jicho huvipanga katika mstari mmoja na windo. Katika bastola nyingi za kujilinda, vilengeo hivyo vimekaa juu ya slaidi, kipande cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi inapotoka, na mtutu wenyewe huinama kidogo ndani ya slaidi hiyo. Kila mzunguko ni lazima vipande hivi virudi palepale vilipokuwa, na uchezaji mdogo wa chuma huonekana kwenye shabaha. Bastola za .22 zilizobuniwa kwa ajili ya shabaha hufuata njia nyingine: mtutu umefungwa imara, vilengeo havisogei, na kinachokwenda nyuma ni boliti (kipande cha chuma kilicho nyuma ya risasi) au kipande kifupi cha slaidi. Hiyo ndiyo siri ya sifa ya bastola ya kampuni ya Ruger, ambayo muundo wake wa msingi ulitoka mwaka 1949 na ambayo sasa inauzwa kama Mark IV; ya Browning Buck Mark, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985; na ya Smith & Wesson Model 41 ya mwaka 1957, ambayo kilengeo chake cha nyuma kimekaa juu ya sehemu iliyoungana na mtutu.

Miongoni mwa hizo sioni sababu ya mwindaji anayeanza kukimbilia Model 41. Ni bastola nzuri ajabu, lakini ni ya gharama kubwa na inajulikana kwa kuchagua risasi, yaani haifanyi kazi vizuri na kila aina. Mark IV iliyotoka mwaka 2016 iliondoa kero ya vizazi vilivyotangulia, ambavyo kuvifungua kwa usafi na kuviunganisha tena kuliwatoa watu jasho. Hii hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hilo si jambo la anasa, maana risasi za .22 huacha masizi na nta nyingi, na bastola isiyosafishika kwa urahisi haisafishwi. Buck Mark kwa kawaida huwa na triga (kifyatulio) nzuri tangu kiwandani, ila skrubu zinazoshika kipande cha kilengeo cha nyuma zinapolegea, risasi huanza kutawanyika bila mwenyewe kujua kosa liko wapi. Ukiinunua, zikague skrubu hizo mara kwa mara.

Triga ndiyo inayofuata kwa umuhimu, na wengi huipima vibaya kwa kutazama wepesi peke yake. Triga inayohitaji nguvu ya kati ya kilo 1 na 1.5 inafaa sana porini. Nyepesi kuliko hapo ni hatari kwa vidole vyenye baridi au glavu. La maana zaidi ni kwamba iachie ghafla bila kukwaruza njiani, na isiendelee kurudi nyuma sana baada ya kuachia, kwa kuwa mwendo huo wa ziada huusukuma mtutu pembeni risasi ikiwa bado haijatoka. Omba ruhusa ya muuzaji kabla ya kuivuta ikiwa tupu, kwa sababu katika baadhi ya bastola za .22 pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba (tundu la mtutu linaloshika risasi) na kuuharibu.

Urefu wa mtutu huwachanganya watu. Mtutu mrefu hauifanyi risasi iwe sahihi zaidi. Unachosaidia ni kutenganisha vilengeo. Fikiria vilengeo vilivyoachana kwa sentimita 20: ukikosea kuvipanga kwa nusu milimita tu, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 6 kwa umbali wa mita 25, na kindi amekwisha kukuponyoka. Ukiviachanisha kwa sentimita 25, kosa lilelile linashuka hadi sentimita 5. Kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya mwanga, huondoa kosa la aina hii karibu lote, kwa kuwa jicho linapanga nukta na windo peke yake, na kwa mtu ambaye macho yake hayaoni tena kilengeo cha mbele kwa uwazi naona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko yoyote nyingine. Hakikisha basi kwamba bastola ina matundu ya skrubu au reli ya kukifungia. Usipokitaka, sisitiza kilengeo cha nyuma kinachorekebishika juu, chini na pembeni.

Mtutu mnene wenye urefu wa kati ya sentimita 14 na 17 unatosha. Uzito unatuliza mkono: bastola ya zaidi ya kilo moja huyumba taratibu kuliko ile ya gramu 700, ingawa ukitembea kutwa nzima utauhisi mkandani. Ushike mpini na uhakikishe kwamba kidole kinaifikia triga bila kuubana mwili wa bastola, na kwamba kidole gumba kinaifikia kufuli ya usalama bila kubadilisha mshiko. Silaha hii hujipakia yenyewe, hivyo ukishafyatua mara moja tayari kuna risasi nyingine ndani ya chemba unapomwendea mnyama wako. Kufuli hiyo lazima ifungwe kabla hujapiga hatua ya kwanza.

Ukishainunua, uchaguzi haujaisha, maana kila mtutu una risasi unayoipenda. Nunua aina nne au tano, zikiwemo za kasi ya kawaida, ambazo aghalabu hulenga vizuri kuliko za kasi kubwa. Egemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga kwa umbali wa mita 25, fyatua risasi kumi za kila aina bila kuzihesabu ili mtutu uzoee nta yake, kisha piga makundi mawili ya risasi tano na upime upana wa kila kundi. Aina inayokaa ndani ya sentimita 3 na kuifanya bastola ijipakie bila kukwama ndiyo yako. Risasi zenye tundu kwenye ncha zinafaa kwa kumpiga sungura kifuani, na zisizo na tundu kwa kichwa.

Baada ya hapo ondoa mfuko wa mchanga. Piga ukiwa umepiga goti, umekaa au umeegemea mti, na sogea karibu hadi risasi zote tano ziingie ndani ya duara la sentimita 4. Ikiwa ni mita 15, basi mita 15 ndiyo mpaka wako porini, hata kama bastola yenyewe ina uwezo wa mita 40. Na kindi aliye juu ya tawi, nyuma yake kukiwa na anga tupu, usimpige hata akiwa karibu kiasi gani: risasi ya .22 iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Msubiri ashuke hadi awe na shina nene au udongo nyuma yake.