Somo: Kurudisha ndege na vipepeo kwenye viwanja vya hospitali bila kumhatarisha mgonjwa

Wengi huanza kwa kununua miche. Anza na ratiba ya kufyeka, maana ndiyo inayoamua kipi kitaishi uwanjani.

Hatua ya 1: Ramani. Tia rangi nyekundu kuzunguka wodi za saratani, za waliopandikizwa viungo na za walioungua, matundu ya kuvutia hewa, na kituo cha helikopta. Eneo hilo lisiwe na mboji, biwi wala matandazo ya majani. Majani yanayooza hukuza kuvu aina ya Aspergillus, na vijimbegu vyake vikipeperushwa hadi kwenye mapafu ya mtu asiye na kinga vinaweza kumuua. Weka nyasi fupi, au sakafu ngumu pale helikopta inapotua, kwa sababu upepo wake hurusha kila kilicholegea.

Kisha tia kijani kila sehemu inayoonekana kutoka kitandani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliotazama miti dirishani walitoka mapema kidogo na kuhitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa 46 tu, kwa hiyo usiutumie kuahidi miujiza. Unatosha kukuonyesha kwamba mti mmoja mbele ya dirisha utangulie bustani ya pale langoni.

Hatua ya 2: Ufyekaji. Kando ya njia acha ukanda wa mita 1 unaofyekwa mara kwa mara. Kwingine fyeka mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya maua kupukutisha mbegu, ukiacha urefu wa sentimita 10. Kila mara bakiza theluthi moja bila kuigusa, wadudu wapate pa kukimbilia. Nyasi zilizokatwa zikae siku 2 au 3, kisha zikusanywe na kuondolewa. Zikiachwa zioze, udongo unarutubika, na nyasi zenye nguvu huyasonga maua.

Mipango mingi hufia kwenye mkataba. Mkandarasi anayelipwa kwa idadi ya mafyeko atafyeka tu. Andika urefu, tarehe, ramani na nani anabeba nyasi.

Hatua ya 3: Kupanda. Chimba kwa uma wa bustani na glovu nene, kamwe si kwa mikono mitupu: viwanja vya zamani huficha sindano na vioo. Chagua mimea ya asili ya eneo inayopokezana kuchanua. Nje ya eneo jekundu, matandazo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 8, mbali na shina kwa sentimita 10, la sivyo gome litaoza. Karibu na wodi za watoto na za afya ya akili usipande oleanda, mbarika wala mnanaha. Zote ni sumu.

Hatua ya 4: Njia. Upana mita 1.5, mteremko usiozidi 1 kwa 20, na mabenchi yenye mikono ya kushikilia. Kokoto zilizolegea hunasa magurudumu ya viti.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bwawa si litaleta mbu?*
Maji yakituama wiki moja hivi kwenye joto, kiluwiluwi anakuwa mbu. Samaki wadogo wa asili na kingo zisizo na vidimbwi husaidia, ila ukikosa mtu wa kulikagua kila wiki, usichimbe. Chemchemi ya kurusha maji usiiweke kabisa: matone yake yanaweza kubeba Legionella, bakteria wanaoleta nimonia kali.

*Na nyoka na panya?*
Panya hufuata mabaki ya chakula, na nyoka hufuata panya. Funga mapipa kwanza. Kisha acha ukanda wa kokoto wa sentimita 60 kando ya kuta.

*Uongozi unasema pameachwa pori. Tujibuje?*
Hakikisha ule ukanda wa mita 1 haurukwi hata mara moja. Ukingo ulionyooka unaonyesha kwamba urefu wa nyasi ni wa makusudi. Ongeza kibao chenye tarehe ya kufyeka ijayo. Maua huchukua miaka 2 au 3 kushika, hivyo waambieni mapema, kabla malalamiko hayajaanza.

*Dawa ya magugu je?*
Kwenye njia, maji ya moto au kung'oa kwa mkono. Palipo na maua, hapana.