Somo: Kuwa afisa mauzo, kuanzia kuomba kazi hadi oda ya pili

Wakuu, wengi wanaoomba kazi ya mauzo hudhani anatafutwa mtu mwenye maneno mengi. Anayetafutwa ni yule ambaye mteja wake ataagiza tena. Oda ya kwanza unaweza kuipata hata kwa kubembeleza. Ya pili haiji mpaka mzigo utoke dukani na mwenye duka aone faida. Somo hili linamlenga zaidi anayezungukia maduka, maana ndiko wengi wanakoanzia.

Hatua ya 1: Chagua aina ya bidhaa

Bidhaa za matumizi ya kila siku ndizo mlango mwepesi zaidi. Masharti ya elimu si makali, na kwa kuwa unarudi kwa mteja yuleyule mara kwa mara, kosa la wiki hii unalirekebisha wiki ijayo. Kwa dawa na vifaa tiba, waajiri wengi hutaka aliyesomea famasia, uuguzi au sayansi ya viumbe. Bima katika nchi nyingi hudai leseni. Mashine na programu za kompyuta huuzwa kwa mazungumzo ya miezi kadhaa, hivyo si mahali pazuri pa kuanzia mtu asiye na akiba.

Hatua ya 2: CV na usaili

Andika namba. "Nina uwezo mkubwa wa kuuza" haimwambii mwajiri kitu. Kama umewahi kuuza chochote, hata nguo za kutembeza mkononi, andika ulikuwa na wateja wangapi na wangapi walirudi kununua tena.

Kwenye usaili, jiandae kupewa kitu kilicho mezani na kuambiwa ukiuze. Wanaoanguka huanza kukisifu papo hapo. Wewe uliza kwanza: unatumia nini sasa, kinakusumbua wapi, nani anaamua kununua? Kisha taja sifa moja tu inayojibu shida aliyoitaja, halafu omba oda. Hilo la mwisho ndilo husahaulika sana: mtu anaeleza vizuri, kisha ananyamaza bila kuomba.

Hatua ya 3: Soma mkataba kabla ya kusaini

Uliza kamisheni inahesabiwa kwenye ankara iliyotolewa au kwenye pesa iliyokusanywa. Inaanzia oda ya kwanza, au mpaka uvuke asilimia fulani ya lengo? Mzigo ukirudishwa, unakatwa? Nauli na mafuta ni ya nani? Na mteja akitoweka na deni, nani analipa? Wakikujibu "wewe", dai kiwango cha juu cha mkopo kwa kila mteja kiandikwe, la sivyo usitoe mali kauli, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, hata kwa mmoja.

Hatua ya 4: Livunje lengo

Tuseme lengo la mwezi ni katoni 360 na una siku 24 za kazi. Hiyo ni katoni 15 kwa siku. Ruti yako ina maduka 25 kwa siku. Yakiagiza 15, katoni moja moja, umefika. Yakiagiza 10 tu, kila moja linatakiwa lichukue katoni moja na nusu. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lengo, tazama kwanza kilichoshuka: idadi ya maduka yanayoagiza, au ukubwa wa oda? Mara nyingi ni idadi, na tiba yake ni kuyarudia maduka uliyoyaruka, si kumbana mteja mzuri achukue zaidi.

Hatua ya 5: Ndani ya duka

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Salimia, omba ruhusa, kisha hesabu mzigo kabla ya kuzungumzia oda. Usihesabu unachokiona mbele ya rafu tu. Ingiza mkono mpaka nyuma, na uulize kilichobaki stoo. Huko nyuma ndiko utakuta pakiti zenye vumbi zilizokaribia kuisha muda. Zilete mbele, mpya zikae nyuma. Pakiti moja iliyochina mikononi mwa mnunuzi hufunga mlango wa oda nyingi.

Sasa piga hesabu. Ziara iliyopita ulikuta pakiti 4, ukaleta 12, leo zimebaki 6. Zimeuzwa 10. Zidisha kwa 1.5 upate 15, toa 6 zilizopo: pendekeza 9. Ile nusu ya ziada ni kinga ya siku zenye wateja wengi. Mwonyeshe mwenye duka hesabu hiyo kwenye daftari. Ukimuuliza "leo nikuachie ngapi?" atataja namba ndogo kwa kuogopa, ukimwonyesha mauzo yake mwenyewe, mazungumzo yanabadilika.

Hatua ya 6: Pesa

Kusanya deni la zamani kabla ya kuandika oda mpya. Toa risiti hapohapo, mbele ya mteja. Pesa ya kampuni usiiguse hata kwa nauli ya kurudi. Upotevu mkubwa katika kazi hii huanza na kiasi kidogo cha "nitarudisha kesho".

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mteja akisema bei yangu iko juu, nipunguze?

Jibu: Uliza kwanza, iko juu kuliko ipi? Pengine analinganisha na pakiti ndogo zaidi. Kisha kumbuka: bidhaa inayogharimu 100 kwa mteja na 80 kwa kampuni inaacha 20. Ukipunguza asilimia 10, inabaki 10, na itabidi uuze mara mbili ili faida irudi palepale. Afadhali umpunguzie ukubwa wa oda, ajaribu kwa kiasi kidogo.

Swali: Kila nikienda naambiwa "rudi kesho". Nifanyeje?

Jibu: Mara nyingi unazungumza na asiyeagiza. Uliza kwa heshima anayeagiza ni nani na huwepo saa ngapi, andika, rudi saa hiyo.

Swali: Nimepewa kazi ya kamisheni tupu. Nikubali?

Jibu: Uliza kutoka mazungumzo ya kwanza hadi malipo huchukua muda gani. Kama ni miezi mitatu, uwe na akiba ya kula miezi mitatu na zaidi. Wakikudai wewe utoe pesa ili uajiriwe, ondoka.

Swali: Wakuu, nimerithi ruti yenye madeni ya aliyenitangulia.

Jibu: Usisaini makabidhiano ofisini. Pita na msimamizi duka kwa duka, kila mteja athibitishe deni kwa maandishi kabla hujauza chochote. Yatakayokataliwa yaandikwe pembeni, kampuni iyashughulikie.

Swali: Msimamizi anataka nijaze maduka mzigo kuliko wanavyouza, mwisho wa mwezi, ili lengo lifike.

Jibu: Mwezi unaofuata utaanza na maduka yasiyoagiza, na baadhi ya mzigo utarudi. Mpelekee orodha ya maduka ambayo hayakuagiza mwezi huu, mwombe mzunguke nayo pamoja siku mbili za mwisho.