Kutafuta Damu Tumboni kwa Altrasaundi: Mwongozo kwa Wanaotibu Binadamu na Wanaotibu Mbwa

Mtu aliyegongwa na gari na mbwa aliyegongwa na gari wanaweza kufa kwa sababu ile ile: damu inavujia ndani ya tumbo ilhali ngozi ya nje haina hata mchubuko. Altrasaundi hutoa jibu la awali kwa dakika chache, bila mionzi na bila kumwondoa majeruhi mahali anapohudumiwa. Mwongozo huu ni wa tabibu au daktari wa mifugo aliyekwisha kuishika mashine kidogo na sasa anataka kukifanya kipimo hiki kwa mpangilio. Nimewaweka binadamu na mbwa pamoja kwa makusudi, kwa kuwa kanuni ni moja: damu iliyomwagika hufuata mteremko, nawe huna budi kujua sehemu ya chini kabisa iko wapi kulingana na mgonjwa alivyolala.

Hatua ya 1: Kuandaa mashine na ngozi

Kwa mtu mzima, chukua probu (kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi na kugusishwa ngozini) yenye uso wa mviringo ya megahezi 2 hadi 5, maana mawimbi ya masafa ya chini hupenya mbali zaidi. Kwa mbwa wa wastani au mdogo, probu ndogo ya mviringo ya megahezi 5 hadi 8 hufaa, kwani viungo viko karibu na picha hutoka kali zaidi. Kisha utazame mkojo ulio ndani ya kibofu na upunguze mwangaza hadi uonekane mweusi kabisa. Ukiuacha uwe wa kijivu, hata damu itakuponyoka.

Paka jeli ya kutosha, kwa sababu mawimbi yakikutana na hewa hurudi karibu yote. Manyoya ya mbwa hushika hewa nyingi, hivyo ni bora kuyanyoa. Pasipo muda, yagawe kwa vidole na uyaloweshe. Wengi hutumia spiriti hapo, nami nawasihi waiache kabisa iwapo kuna uwezekano wa kuushtua moyo kwa umeme, kwani spiriti hushika moto, na isitoshe huharibu uso wa probu.

Hatua ya 2: Kulizoeza jicho

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa hiyo usiharakishe. Maji yote huonekana meusi kwenye skrini: damu mbichi, mkojo, nyongo, hata maji aliyokunywa mgonjwa. Kinachotofautisha ni umbo. Maji yaliyo ndani ya mshipa, kibofu au mfuko wa nyongo yamezungukwa na ukuta, na kingo zake ni za mviringo. Maji yaliyomwagika hayana ukuta wake; hujipenyeza katikati ya viungo na kuchukua umbo la upenyo yalioupata, hivyo utaona pembe kali, mara nyingi za pembetatu. Ukiona weusi, uliza kwanza kama una pembe au una ukuta, kisha izungushe probu nyuzi 90 uutazame kwa upande wa pili. Kumbuka pia kwamba damu iliyoganda huwa ya kijivu na hufanana na nyama ya kiungo, kwa hiyo jeraha la muda mrefu kidogo linaweza kukudanganya.

Hatua ya 3: Binadamu aliyelala chali

Anza upande wa kulia, kwenye mstari wa katikati ya kwapa, kati ya mbavu za chini. Tafuta mahali ini linapokutana na figo ya kulia. Usiridhike na picha moja nzuri ya katikati. Telezesha probu kuelekea miguuni hadi uione ncha ya chini ya ini, kwa kuwa damu kidogo mara nyingi hujitokeza pale kwanza, kama uzi mwembamba mweusi.

Upande wa kushoto, shusha mkono nyuma zaidi hadi vifundo vya vidole viguse kitanda. Hapa damu hupenda kukaa kati ya bandama na kiwambo cha kifua (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) kabla ya kufika kwenye figo, hivyo anayetazama figo peke yake huikosa.

Kisha tazama nyonga, na ikiwezekana ufanye hivyo kabla ya mrija wa mkojo kuwekwa, kwa kuwa kibofu kilichojaa ni dirisha zuri. Kwa mwanamume angalia nyuma ya kibofu. Kwa mwanamke, nyuma ya mji wa mimba, ukijua kwamba mwanamke wa umri wa kuzaa anaweza kuwa na maji kidogo hapo bila ugonjwa wowote. Malizia kwa moyo: laza probu chini ya ncha ya mfupa wa kidari, uielekeze kwenye bega la kushoto, utafute utepe mweusi kuuzunguka moyo.

Hatua ya 4: Mbwa

Usimlaze chali mbwa aliyejeruhiwa, hasa anayehema kwa shida. Mlaze ubavu, kwa kawaida wa kulia. Asipoweza, mwache akae kwa kifua. Maeneo ni manne: chini ya kidari ambapo ini hugusa kiwambo, figo ya kushoto pamoja na bandama, kibofu, na mwisho figo ya kulia pamoja na ini. Akiwa amelalia ubavu wa kulia, eneo hili la mwisho ndilo liko chini, kwa hiyo itelezeshe probu chini yake taratibu bila kumwinua.

Kila eneo lenye maji lipe alama 1, na lisilo na maji 0, upate jumla kati ya 0 na 4.

Hatua ya 5: Kurudia, na kuthibitisha ni maji gani

Kipimo kisichoonyesha maji hakimaanishi kwamba hakuna jeraha. Damu inaweza kuwa bado ni kidogo mno, au inavujia nyuma ya utando wa tumbo, mahali ambapo altrasaundi huona vibaya. Nimewahi kumpima mbwa aliyekuwa na alama 0 alipopokelewa, naye akafika 3 kabla ya jioni. Fizi zake zilizopauka ndizo zilizonifanya nirudie. Mbwa mrudie baada ya saa chache hata akionekana mzima. Binadamu mrudie mara tu mapigo au shinikizo la damu linapobadilika.

Kwa mbwa, maji yakiwa ya kutosha, yavute kwa sindano ukiongozwa na picha. Kama kiwango cha chembe nyekundu kinakaribia kile cha damu ya mshipani, anavuja damu. Kama kreatinini, yaani taka ya mwili inayotolewa kwa mkojo, ni ya juu kuliko ya damu, shuku kibofu kilichopasuka. Kwa binadamu mwenye maji tumboni na shinikizo linaloporomoka, mwite daktari wa upasuaji papo hapo. Aliye imara ana nafasi ya kupigwa picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande. Andika saa ya kila kipimo kando ya matokeo yake, ili atakayekupokea zamu aone kama maji yanaongezeka au yametulia.