Wembe Mmoja, Mtoto Mmoja: Kuziba Njia za Homa ya Ini C Katika Kata za Mtwara na Lindi

Homa ya ini C haina chanjo. Ndugu yake, homa ya ini B, watoto wetu hukingwa nayo kwenye chanjo ya pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa C kinga ni moja tu: damu ya mtu isiingie kwenye damu ya mwingine. Serikali ina Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI, Magonjwa ya Ngono na Homa ya Ini, ina Damu Salama inayopima damu kabla haijafika wodini, na zahanati zina mabomba ya sindano ya kutumika mara moja. Lakini damu haimwagiki hospitali peke yake. Inamwagika kumbini, kwa kinyozi, kwa mganga anayechanja chale, na nyumbani kwa jirani "anayejua kuchoma sindano". Huko mkono wa wizara haufiki usipopitia kwa mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na wazee wa jando. Maelezo haya ni yao.

Jando: anzeni miezi mitatu kabla

Likizo ya Juni au ya Desemba isiwakute hamjajipanga. Mtendaji aite kikao cha wazee wa kumbi, ngariba na mganga mfawidhi, na kikao kitoke na orodha ya wavulana kwa majina. Orodha ndiyo inayotoa hesabu ya vifaa, na bila hesabu hakuna bajeti.

Njia iliyo bora ni mtoto atahiriwe kituo cha afya kwa ganzi na vifaa vilivyotakaswa, kisha aingie kumbini kidonda kikiwa kimefungwa. Mafunzo, nyimbo na heshima ya nyakanga, kiongozi wa jando, havipungui kitu. Wazazi wengi wamekwisha kuikubali njia hii, na penye ubishi ni vizuri mzee anayeheshimika aseme yeye, si mganga wa zahanati.

Pale ambapo kutahiri kunabaki kumbini, awepo mhudumu wa afya, na kila mtoto awe na wembe wake mpya uliofunguliwa mbele ya macho ya mlezi wake, jozi mbili za glovu (moja ya kutahiri, moja ya kubadilisha kidonda) na chachi zake. Watoto 40 hawana maana ya nyembe 40. Wekeni 50, kwa sababu wembe ukianguka mchangani hauokotwi, na ukikosekana mmoja saa kumi na moja alfajiri, atakayebaki bila wembe atatahiriwa kwa wembe wa mwenzake. Hapo ndipo mpango mzima huharibikia. Nyembe zilizotumika zitumbukizwe palepale kwenye sanduku la usalama, lisijae zaidi ya robo tatu, kisha lirudishwe zahanati likachomwe. Msizizike kumbini, watoto huchimba.

Kuna suala la kisu cha ukoo, na tulitazame bila kuwadharau wenyewe. Kishike kisu hicho karibu na mwanga. Pale bapa linapoingia kwenye mpini kuna ufa mwembamba, na ndani yake kitu cheusi ambacho watu hukiita kutu. Damu iliyokauka nayo huonekana hivyohivyo. Kirusi cha homa ya ini C kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa wiki kadhaa. Kufuta kisu kwa kitambaa, kukipitisha kwenye moto kwa nukta chache au kukichovya kwenye maji ya moto kati ya mtoto na mtoto hakufiki ndani ya ufa huo. Kama mila inataka kisu kiwepo, kiwepo: kilazwe mkekani, kishikwe, kiombewe. Kinachokata kiwe wembe mpya.

Maji ya klorini: hapa ndipo watu hukosea zaidi

Kwa kumwagikiwa na damu, na kwa vyombo vitakavyosafishwa baadaye, tumieni klorini ya asilimia 0.5. Someni kibandiko cha chupa kwanza, maana nguvu hazifanani. Hesabu yake: gawanyeni asilimia iliyoandikwa kwa 0.5, kisha toeni 1. Jibu ndilo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 inachukua maji sehemu 6, yaani kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Ya asilimia 5 inachukua sehemu 9. Mkiwa na unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja zinatosha.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glovu, funika kwa kitambaa, mwaga klorini juu ya kitambaa, subiri dakika 10, zoa, ndipo uoshe kwa sabuni. Wanaoanza kwa kudeki hueneza. Na wanaochovya kifaa chenye damu nzito hawajui kwamba damu yenyewe huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye kirusi.

Maji haya hutengenezwa kila siku upya. Kwa joto letu la pwani, ndoo iliyoachwa wazi juani jioni haina tena nguvu ya asubuhi, hata kama bado inanuka. Vifaa vya chuma visilale humo zaidi ya dakika 10, vitaliwa. Na klorini si utakasaji: kifaa kitakachoingia mwilini tena kinaoshwa, kisha kinakwenda kwenye otoklevu (mtungi wa kutakasa kwa mvuke), nyuzi 121, dakika 20 bila kufungwa au 30 kikiwa kimefungwa.

Kinyozi, chale na sindano

Kinyozi abadilishe wembe kwa kila kichwa, na asivunje wembe mmoja vipande viwili kwa wateja wawili akauhifadhi uliotumika "kwa kurekebisha". Mashine ipigwe brashi nywele zitoke kwanza, ndipo ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti juu ya nywele na mafuta haifanyi kazi. Visanduku vya taa ya bluu visiwape imani, mwanga hauui kilichojificha kivulini mwa meno ya mashine. Mganga wa kienyeji anayechanja, mteja aende na wembe wake. Ni shilingi chache.

Kuhusu sindano, Misri imelipia somo hili kwa maisha ya watu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa huko walichomwa sindano za kichocho kwa vifaa vilivyorudiwa bila kutakaswa ipasavyo, na homa ya ini C ikasambaa hadi nchi ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi duniani. Iliwachukua kampeni ya 2018 na 2019, iliyopima watu karibu milioni 50, kuanza kugeuza mambo. Kichocho tunakijua sisi wa Kusini. Leo kinatibiwa kwa vidonge vya praziquantel, na malaria ya kawaida kwa dawa mseto. Mgonjwa anayeweza kumeza hana sababu ya kudai sindano ili "apone haraka". Duka la dawa muhimu si mahali pa kuchomwa. Popote utakapochomwa, bomba lifunguliwe ukiona.

Mhudumu akijichoma na sindano iliyotumika, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, asitie klorini kwenye kidonda, atoe taarifa saa hiyohiyo. Dawa kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Ya homa ya ini C haipo, kwa hiyo apimwe mara moja, arudie kipimo cha vinasaba vya kirusi baada ya wiki 3 hadi 6, na cha kingamwili (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya kirusi) baada ya miezi 4 hadi 6.

Kupima ni hatua mbili, si moja

Wapimwe kwanza waliowahi kuongezewa damu zamani, waliotahiriwa au kuchanjwa kwa kifaa cha pamoja, wanaoishi na VVU, wanaojidunga dawa za kulevya, watumishi wa afya, na watoto wa mama mwenye maambukizi (hawa kingamwili hupimwa baada ya miezi 18, kabla ya hapo kipimo huonyesha za mama). Msisubiri macho ya manjano. Watu wengi hawaonyeshi dalili yoyote kwa miaka.

Kipimo cha haraka cha tone la damu kinaonyesha kingamwili tu, yaani kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Takriban watu 3 kati ya 10 mwili huking'oa wenyewe ndani ya miezi sita, lakini kingamwili hubaki. Kumwambia mtu kama huyo "una homa ya ini" ni kumvunjia ndoa na amani bure. Aambiwe: "Kipimo cha kwanza kimeonyesha ulikutana nacho, cha pili ndicho kitasema kama bado unacho." Cha pili hutafuta kirusi chenyewe, na mashine ya GeneXpert ambayo watu huijua kwa kifua kikuu inaweza kukifanya, ila kwa katriji yake maalumu. Kwa hiyo mganga mfawidhi amuulize mratibu wa maabara wa wilaya mapema: katriji zipo, sampuli inakwenda hospitali ya Ligula (Mtwara), ya Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na inasafirishwa siku gani? Kutoka Liwale au Nanyumbu njia ni ndefu; plazma (maji ya damu) itenganishwe siku ileile na isafiri kwenye ubaridi. Msianze kupima kijiji kizima kabla majibu ya maswali hayo hayajapatikana.

Wachangia damu nao wasikimbie simu ya Damu Salama ikiwaita. Wameitwa wapewe majibu.

Tiba hadi mwisho

Ugonjwa huu unapona. Vidonge vya sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60, mara moja kwa siku, kwa kawaida kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kabla ya kidonge cha kwanza, mgonjwa apimwe homa ya ini B, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuiamsha. Aseme dawa zote anazotumia: rifampicin ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huziua nguvu, na anayetumia efavirenz huongezewa daclatasvir. Mjamzito husubiri. Kunyonyesha hakuambukizi, isipokuwa chuchu ikiwa imepasuka na kutoa damu.

Msimu wa mabibo ndio mtihani mkubwa wa mgonjwa wetu. Uraka na gongo ya mabibo vinamaliza ini lililokwisha kuchoka, na hakuna kipimo cha "kidogo tu" kwa mwenye ini lililosinyaa. Karanga na mahindi yenye ukungu navyo vitupwe, sumukuvu huleta saratani ya ini. "Dawa za kusafisha ini" zinazouzwa minadani aziache kabisa.

Akimaliza dozi asitangaziwe kupona. Hesabuni wiki 12 tangu kidonge cha mwisho, ndipo arudie kipimo cha vinasaba. Kisipoonekana kirusi, amepona. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake na kwenye rejista siku anayoanza dawa, na mhudumu wa kijiji apewe jina lake amkumbushe, maana wengi hujisikia wazima mapema wasirudi. Mwenye ini lililosinyaa aendelee na kipimo cha ultrasaundi kila baada ya miezi 6 hata baada ya kupona. Na aelezwe wazi kwamba kupona hakumwachii kinga: wembe wa kuazima unaweza kumrudishia kirusi kilekile.