Thamani kamili na kutolingana kwenye GRE: anza na umbali

Hesabu za GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, ni maswali 27 kwa dakika 47, kwa hiyo kila swali lina dakika moja na sekunde arobaini hivi. Kikokotoo cha kwenye skrini kinafanya yale matendo manne na kipeuo cha pili, lakini vistari viwili vya wima vya thamani kamili hakivijui. Hapo ni kalamu na karatasi.

Wengi hukariri kanuni mbili, moja ya "ndogo kuliko" na moja ya "kubwa kuliko", kisha wakazichanganya. Ni rahisi zaidi kusoma |x − a| kama umbali kati ya x na a kwenye mstari wa namba. Basi |x − 3| < 5 inasema x haijafika hatua 5 kutoka 3, upande wowote: iko kati ya −2 na 8. Nayo |x − 3| > 5 inasema x imevuka hatua 5: iko chini ya −2 au juu ya 8. Alama ya jumlisha isikubabaishe: |x + 4| ni umbali kutoka −4.

Ukielewa hivyo, "na" na "au" hazikupi shida. Alama ya "ndogo kuliko" inatoa kipande kimoja, na "kubwa kuliko" vipande viwili vinavyoachana. Usithubutu kuandika 8 < x < −2. Hakuna namba iliyo juu ya 8 na papo hapo chini ya −2.

Chukua |2x − 7| ≤ 5. Fungua pande zote mbili kwa pamoja:

−5 ≤ 2x − 7 ≤ 5
2 ≤ 2x ≤ 12
1 ≤ x ≤ 6

Wakiuliza namba kamili ni ngapi, jibu ni 6, si 5. Anayetoa 1 kwenye 6 amesahau kuhesabu ncha ya mwanzo. Kama alama ingekuwa < tupu, zingebaki 4.

Kabla ya kufungua vistari, vitenge vibaki peke yao upande mmoja. Hapa ndipo alama nyingi hupotea:

3 − 2|x + 1| < −5
−2|x + 1| < −8
|x + 1| > 4

Tumegawanya kwa −2, kwa hiyo alama imegeuka. Jibu: x > 3 au x < −5. Asiyegeuza alama hupata −5 < x < 3, na usishangae kulikuta jibu hilo limepangwa kati ya machaguo. Jaribu 0 kwenye swali la mwanzo: 3 − 2 ni 1, na 1 si ndogo kuliko −5. Sifuri haimo, basi kipande cha katikati hakiwezi kuwa jibu. Ukaguzi huo unachukua sekunde tano.

Vistari vikishabaki peke yao, tazama upande wa pili kabla ya kufanya chochote. |x − 4| < −2 haina jibu, kwa sababu umbali hauwi hasi. |x − 4| > −2 inakubali kila namba. |x − 4| ≤ 0 inakubali 4 peke yake.

Kama x iko pande zote mbili, mfano |x − 6| > 2x, itenge vilevile katika hali mbili: x − 6 > 2x au x − 6 < −2x. La kwanza linatoa x < −6, la pili x < 2. Kwa kuwa ni "au", unachukua vyote, na x < 2 imeshaimeza x < −6. Kwenye mlinganyo |x − 6| = 2x, lakini, lazima urudishe majibu kwenye swali: −6 inatoa 12 = −12, inatupwa, inabaki 2.

Vistari vikiwa pande zote mbili, kama |x − 2| < |x + 4|, umbali unamaliza kazi. x iko karibu na 2 kuliko −4. Katikati yao ni −1, basi x > −1. Asiyeamini apandishe pande zote kwa kipeo cha pili. Inaruhusiwa kwa kuwa hakuna upande ulio hasi, na x² zitafutana.

Mafumbo ya maneno hugeuza kazi: unapewa mipaka, unatakiwa kuandika vistari. Mfuko wa unga unakubalika ukiwa na gramu 985 hadi 1,015. Katikati ni 1,000, nusu ya upana ni 15, hivyo |m − 1,000| ≤ 15.

Yanayonasa hata wazoefu ni yale ya kulinganisha kiasi A na kiasi B. Umepewa |x + 3| < 5; A ni |x|, B ni 5. Jicho linaiona 5 na mkono unakimbilia kusema B ni kubwa. Fungua kwanza: −8 < x < 2. Kwa x = 0, B ni kubwa; kwa x = −7, A ni kubwa. Jibu ni D, haiwezekani kujua. Kwenye maswali haya jaribu namba iliyo karibu na kila ncha, pamoja na sifuri ikiwa imo, na usiishie kwenye namba kamili: −7.9 nayo imo.