Jirani asiyejua kusoma: mwongozo kwa mwalimu mstaafu wa kijijini

Ukistaafu ualimu kijijini, kazi haiishi. Inahamia nyumbani kwako. Watu watakuletea barua za kusomewa, fomu za kujaziwa, na simu zenye ujumbe ulioingia usiku. Usiwakatalie. Ila katika hao, mwangalie vizuri yule ambaye kila akija miwani ameisahau nyumbani. Tazama anavyoshika karatasi. Akiipokea na kuikunja palepale bila kuipitishia macho, au akikurudishia na kusema, "Nisomee tu, Mwalimu, leo macho yananisumbua," basi huenda hajui kusoma, na amelificha jambo hilo kwa miaka, pengine hata kwa wanawe.

Sisi tuliozeeka na chaki mkononi tunadhani mtu kama huyu ni darasa la kwanza lenye mvi. Siyo. Herufi tunazijua, hilo halina ubishi, lakini mazoea yetu mengi ya darasani yatamfukuza kabla hajafika kwenye irabu.

Kwanza, usimwambie "njoo nikufundishe kusoma". Hata kama mko wawili tu, umemvua nguo. Msomee barua yake mpaka mwisho, kisha mwonyeshe kwa kidole mahali jina lake lilipoandikwa. "Hapa ndipo walipokutaja." Nyamaza, mwache alitazame. Akiuliza chochote, hata kama ni "na hii ya mwanzo ndiyo ipi?", mjibu, halafu mwambie jioni huwa una nafasi. Asipouliza, mpe barua yake aende. Atakuja na nyingine.

Mkae mahali ambapo wapita njia hawawaoni. Kaeni upande mmoja wa meza, kwa sababu anayekaa mkabala nawe anaziona herufi zako juu chini, na tena atajiona kama yuko kwenye usaili. Kalamu nyekundu iache kabatini. Na ile sauti ya kufika dawati la mwisho ipunguze. Mtu yuko karibu na kiwiko chako. Kama ni mkubwa kwako kwa umri, ubaki kuwa mdogo wake hata daftari likiwa wazi.

Jambo la pili ni macho, na hili walimu wengi tunalipuuza. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho inapoteza unyumbufu wake, na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Aliyezoea kusoma anagundua mapema kwa sababu gazeti linamshinda. Asiyesoma anaweza kukaa miaka bila kugundua, kwa kuwa kazi zake nyingi ziko mbali na uso. Mwombe atunge uzi kwenye sindano, au atazame mistari ya kiganja chake kwa karibu. Akianza kunyoosha mkono na kurudisha kichwa nyuma, anahitaji miwani ya kusomea, na bila hiyo utamwona mzito wa kuelewa kumbe haoni. Apimwe na mtaalamu ikiwezekana. Wakati anasubiri, andika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, mkae karibu na dirisha.

Sasa somo lenyewe. Usianze na a, e, i, o, u. Mtu mzima akipewa irabu tano za kuimba anajisikia mjinga, na akitoka hapo hana neno hata moja la kwenda nalo nyumbani. Anza na neno la kazi yake. Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazili, alifanya hivyo katika mji wa Angicos mwaka 1963, alipoongoza mpango wa kuwafundisha vibarua na wakulima kwa maneno ya maisha yao wenyewe. Kiswahili kinatubeba zaidi katika njia hii: irabu zetu ni tano tu, na silabi ikishajulikana inasomeka vilevile popote utakapoikuta.

Nilimfundisha fundi mwashi mmoja. Neno lake la kwanza lilikuwa tofali. Tuliongea kwanza kuhusu matofali, yapi yanapasuka na kwa nini, na hapo mwalimu alikuwa yeye. Kisha nikaliandika neno zima, nikalisoma mara moja, nikalikata kwa mistari miwili: to-fa-li. Chini yake nikaandika safu tatu:

ta te ti to tu
fa fe fi fo fu
la le li lo lu

Tukazisoma kwa kushuka na kwa kwenda kando, mpaka akaona mwenyewe kwamba herufi ya kwanza inakaa palepale na ya pili ndiyo inayobadilika. Usimweleze hilo. Subiri aseme. Baada ya hapo nikampa kazi: "Fundi, chukua vipande humu unijengee maneno mengine." Akatoa lala. Akatoa futi, akafurahi kwa kuwa ni kifaa chake. Yakafuata tatu, futa, tafuta. Mwisho akaweka kidole kwenye lo, akakipeleka kwenye fa, akacheka peke yake kabla hajalitamka: lofa. Neno alilolipata mwenyewe halimtoki tena.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, kaa na karatasi uchague maneno yako kwa mpangilio. Yenye silabi nyepesi yatangulie: kokoto lije mapema, timazi lifuate. Maneno kama msingi na mchanga yasubiri, maana m ya mwanzo haina irabu ya kuiegemea na itamkwamisha. Mb, nd na nj zije baada ya silabi nyepesi kuzoeleka. Ng na ng' zitenganishe kabisa. Akishaizoea ngazi ndipo umletee ng'ombe, siku nyingine. Kama lugha yake ya nyumbani inachanganya r na l, usimkatize anaposoma. Maana ameipata, endelea. Wakati wa kuandika ndipo umwonyeshe.

Kuandika kuna ugumu wa namna yake. Mkono uliozoea jembe au nyundo unaikamata penseli kwa nguvu hadi karatasi inatoboka. Mpe penseli nene yenye risasi laini, na mwanzoni achore mistari mirefu na miviringo kwa mkono mzima bila kujali mistari ya daftari.

Wengi watakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: kujua kuweka sahihi, waepuke aibu ya dole gumba. Ninaelewa. Lakini mimi sifundishi sahihi kabla ya kusoma. Mtu anayejua kusaini asichoweza kukisoma yuko hatarini kuliko wa dole gumba, kwa sababu wa dole gumba angalau huulizwa kama amesomewa. Mfundishe kuandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama neno lingine lolote. Sahihi itajitengeneza yenyewe baadaye.

Vipindi viwe vifupi, dakika 30 hadi 40, na viwe vya mara kwa mara. Kipindi kirefu cha Jumamosi moja kinasahaulika kabla ya Jumamosi ya pili. Msimu wa shamba ukifika atapotea. Usimtumie ujumbe wa kumlaumu. Akirudi, anza na ukurasa wa mwisho aliokuwa anaumudu bila shida, asome mpaka ulimi ulegee, ndipo mwendelee.

Akishafika kwenye sentensi, vitabu vya darasa la kwanza usimpe. Habari za watoto na mpira hazimhusu. Mwambie akusimulie jambo, nawe uandike vilevile anavyosema, sentensi tatu au nne, bila kumsahihishia Kiswahili chake. Hicho ndicho kitabu chake. Kuna mtego hapa: maneno ni yake, hivyo anaweza kuyakariri na kukusomea yote huku macho yako dirishani. Kata sentensi vipande kwa mkasi, changanya mezani, apange upya. Au gusa neno la katikati umuulize ni lipi. Utajua papo hapo.

Kutoka hapo, someni vitu halisi: maelekezo kwenye pakiti ya dawa, ujumbe wa simu, ripoti ya shule ya mwanawe. Hesabu usihangaike nayo sana. Fundi wangu alikuwa anakadiria matofali ya ukuta kichwani wakati mimi bado natafuta kalamu. Alichokosa ni namna ya kuiandika ile hesabu ili mwenye nyumba asiikane.

Na zile barua alizokuwa anakuletea, polepole uache kumsomea. Akikupa, mrudishie aanze yeye, wewe msaidie anapokwama tu. Kuna siku utasikia amepata barua na hakukuletea. Usimuulize ilikuwa inasema nini.